Kujifunza Kijaluo kwa Biblia mbili na daftari moja

Mama mkwe wangu anakisikia Kiswahili lakini hakizungumzi. Mimi nimezaliwa Nakuru, kwenye ploti ambayo kila mlango ulikuwa na kabila lake, na Kiswahili ndicho tulichogombania maji ya bomba kwacho. Mara ya kwanza kupelekwa kwake, upande wa Maseno, aliniomba niombee chakula. Nikaomba kwa Kiswahili, tena sala ndefu ya kujionyesha. Watu wakaitikia Amina. Kisha mama akafumba macho tena, akaomba upya kwa lugha yake, taratibu, na ndipo sufuria ikafunuliwa.

Hakukusudia kuniumiza. Lakini jioni ile, tukirudi Kisumu kwa matatu, nilimwambia mume wangu kwamba nitajifunza Dholuo, yaani Kijaluo chenyewe, hata kama itabidi nianze na neno Amina. Akacheka, akasema hilo tayari ninalo.

Hii ndiyo njia niliyoipita, pamoja na makosa ambayo ningeyaruka kama ningeanza leo. Inamfaa Mkristo anayekijua Kiswahili vizuri na ambaye kazi, ndoa au biashara imemleta Kisumu, Siaya, Homa Bay au Migori. Kama lugha unayoitaka ni Kilogooli au Kibukusu, hatua ni zilezile ila wewe una bahati: hizo ni lugha za Kibantu, ngeli utazikuta zikikusubiri mlangoni. Dholuo ni ya Kiniloti. Haina ngeli, na sarufi ya Kiswahili haikusaidii sana. Kinachokusaidia ni hadithi ambazo tayari unazijua kwa moyo tangu Sunday School.

Vitu vya kuwa navyo

Biblia ya Kiswahili unayoisoma kila siku, usiibadilishe. Wengi wetu tuna ile ya Union Version ya 1952, na ugumu wake hautakusumbua kwa sababu umeuzoea. Ya pili ni Muma Maler, Biblia ya Kijaluo. Jina lenyewe ni somo la kwanza: muma ni kiapo, na maler ni safi. Katika lugha hii kitu kitakatifu ni kitu kisafi, na utalikuta neno lilelile likitumika kwa vyombo vilivyooshwa.

Daftari liwe kauntabuku yenye jalada gumu, maana litaingia mkobani na kutoka kila siku, litamwagikiwa chai, na mtoto atachora ndani. Penseli na kifutio. Nasisitiza penseli. Ukiandika kwa wino utaogopa kukosea, na ukiogopa kukosea hutaandika.

Simu ya kusikilizia. Nitaieleza mbele.

Anza na hadithi moja, si kitabu kizima

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza Mwanzo 1:1 kama mtu anayetaka kumaliza Biblia kwa mwaka. Nilifika siku ya tatu ya uumbaji nikachoka. La pili lilikuwa kuhamia Warumi, kwa sababu mhubiri alikuwa anaifundisha. Warumi ni hoja ndani ya hoja, hata kwa Kiswahili inakutoa jasho.

Chukua Marko sura ya 4. Marko ndiyo injili fupi kuliko zote, sura 16 tu, na watu wake hawakai: wanaamka, wanakwenda, wanauliza, wanaogopa. Vitenzi vya namna hiyo ndivyo utakavyovihitaji kesho asubuhi. Sura ya 4 inaanza na mpanzi na kuishia na dhoruba ziwani, kwa hiyo unapata shamba na ziwa kwa pamoja, na hivyo viwili ndivyo maisha ya huku.

Kwenye mpanzi utakutana na puodho, shamba, na kodhi, mbegu, na mahali penye mawe. Jiwe ni kidi, mawe ni kite. Angalia hiyo d ilivyogeuka t. Sasa angalia kinyume chake: mlima ni got, milima ni gode. Shamba puodho, mashamba puothe. Nilidhani ni makosa ya uchapaji mpaka nilipoyaona mara nyingi. Ndivyo wingi unavyofanya kazi katika maneno mengi ya lugha hii: konsonanti ya mwisho hubadilishana nafasi na mwenzake. Usiitafutie sababu, andika kila nomino pamoja na wingi wake kwenye mstari mmoja na uendelee.

Kwenye dhoruba kuna nam, ziwa, yamo, upepo, luoro, hofu, na jopuonjre, wanafunzi. Hilo la mwisho lipasue: jo- ni watu, ja- ni mtu. Japuonj anafundisha, japuonjre anajifunza, jakwath anachunga, jalupo anavua. Ukishaliona hilo, nusu ya watu wote wa Injili umewajua kwa asubuhi moja. Mimi mwenyewe kanisani naitwa Nyar Nakuru, binti wa Nakuru. Mume wangu angekuwa Ja- na jina la kwao.

Halafu kuna yie. Yie ni mashua. Yie pia ni kuamini, ni imani. Kwa maandishi hayatofautiani hata kwa nukta, ingawa mwenye lugha akiyatamka huyachanganyi. Basi soma hadithi ile ukiwa na hilo akilini: watu wamo ndani ya yie, maji yanaingia, Yesu amelala, wanamwamsha, anaukemea upepo, kisha anawauliza kama bado hawana yie. Nimeisikia hadithi hii tangu utotoni, nikaigiza hata upepo kwenye tamasha la Sunday School, lakini sikuwahi kuisikia hivyo. Dada mmoja kanisani alinikemea kwamba Biblia si kitabu cha shule cha kujifunzia msamiati. Nilimwonyesha neno hilo. Yeye amezaliwa ndani ya lugha na hakuwahi kulitazama.

Namna ya kuandika ukurasa

Nusu saa inatosha, kabla ya kazi. Soma aya kwa Kiswahili mara moja, kisha funika. Soma aya ileile kwa Dholuo kwa sauti, hata kama huelewi, mara mbili. Sasa chukua daftari, mistari mitano tu ya Biblia kwa siku, ukurasa mmoja.

Upande wa kushoto nakili sentensi ya Dholuo kwa mkono wako, neno kwa neno. Usipige picha, usichapishe. Mkono ndio utakaogundua kwamba neno fulani limerudi mara nne. Upande wa kulia andika Kiswahili chako mwenyewe, kibovu kibovu, kinachofuata mpangilio wa Dholuo: "jiwe hilo kubwa lile". Usinakili Kiswahili cha Biblia, maana hicho kimepambwa tayari, hakikuonyeshi mifupa.

Chini kabisa, sentensi moja yako. Moja. Haina haja kuwa ya dini. "Nyoro ne adhi chiro", jana nilikwenda sokoni. Mstari huu wa chini ndio wenye thamani kuliko ukurasa wote. Huko juu unaazima, hapa unalipa.

Hapo kwenye "adhi" simama kidogo, kwa sababu ndipo Mswahili anapoanguka. Viambishi vya nafsi vinakaa mbele ya kitenzi kama vyetu, na hiyo ndiyo hatari yake:

adhi – naenda
idhi – unaenda
odhi – anaenda
wadhi – tunaenda
udhi – mnaenda
gidhi – wanaenda

A- ni mimi, si yeye. Wa- ni sisi, si wao. U- ni ninyi, si wewe. Sikio lililolelewa na Kiswahili linasikia "adhi" na kumtafuta mtu wa tatu. Siku moja mama mkwe alisimama mlangoni na kikapu akaniambia "Adhi chiro." Nikakaa nikijiuliza ni nani huyo aliyekwenda sokoni, na kwa nini naambiwa mimi. Alikuwa ananiaga. Alirudi baada ya saa mbili akanikuta sijaweka chungu motoni, maana nilidhani yuko nyuma ya nyumba.

Andika jedwali hilo ndani ya jalada la daftari. Mimi nililitazama kila siku kwa miezi miwili kabla halijahamia kichwani.

Sikio

Herufi za irabu za Dholuo ni tano kama zetu: a, e, i, o, u. Irabu zenyewe, mdomoni, ni tisa. Juu ya hapo kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ambayo haiandikwi kabisa. Dhok ni kinywa, na dhok ni ng'ombe wengi. Hata jina la lugha limo humo: Dholuo, kinywa cha Waluo. Mtu anayesoma kwa macho tu atajua maneno elfu na hataeleweka hata sokoni.

Maandishi haya tumeyarithi kutoka enzi za misheni. Mwaka 1906 Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, na mwaka huohuo CMS, misheni ya Kianglikana, wakaanza Maseno. Arthur Carscallen wa Gendia aliandika sarufi ya Dholuo na kutafsiri sehemu za Agano Jipya, na walikuwa na mashine yao ndogo ya kuchapia. Watu hao walijifunza kwanza kwa masikio, miaka kabla ya kuwa na kitabu cha kufungua. Sisi tunafanya kinyume, kwa hiyo lazima tulirudishe sikio kwa makusudi.

Zipo programu za Biblia za simu zenye Dholuo, nyingine zikiwa na usomaji wa sauti. Pakua sura unayoisoma ukiwa na bando, uisikilize ukiwa kwenye tuktuk au ukiosha vyombo. Sura moja kwa wiki nzima. Hapa uvivu wa kurudia ndio hekima.

Kisha hamia ibada ya Kijaluo. Makanisa mengi ya mjini Kisumu yana ibada mbili, na sisi wageni hukimbilia ile ya Kiswahili na Kiingereza. Nenda ya kwanza, keti karibu na dani mmoja, yaani bibi mzee, asiyeimba kwa haraka. Lakini usitegemee nyimbo. Watu watakuambia nyimbo za ibada ndizo shule bora, mimi nasema hapana. Wimbo unafuata muziki wake, toni ya neno inamezwa, nawe utatoka ukijua mashairi kumi ambayo ukiyasema bila kuimba hakuna atakayekuelewa. Zaidi ya hayo nyimbo nyingi zilitafsiriwa kufuata sauti za kigeni.

Mahubiri nayo ni marefu mno kwa anayeanza. Shule ya kweli ni matangazo. Mzee wa kanisa anasimama na karatasi yake: nani amefiwa, michango imefika wapi, mkutano wa akina mama ni lini, nani aje na maharagwe. Sentensi fupi, tarehe, majina, tarakimu, na kila kitu kinarudiwa mara mbili kwa ajili ya waliochelewa. Nilikuwa naandika matangazo yote kwenye daftari kisha namwuliza mtu niliyeketi naye nimekosa wapi. Radio Ramogi nayo ina matangazo ya vifo. Ni kazi ya huzuni kujifunzia hapo, lakini majina ya ukoo, vijiji na jamaa utayasikia hapo kuliko mahali pengine popote.

Ila jihadhari na siku za wiki. Nilisikia mkutano wa akina mama ni "Tich Ang'wen". Ang'wen ni nne, hilo nilijua: achiel, ariyo, adek, ang'wen. Nne, basi Jumanne. Jumanne saa nane nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa kanisa uliofungwa, na thermosi ya chai ya watu ishirini. Kiswahili kinahesabu siku kuanzia Jumamosi, kwa hiyo siku ya nne ni Jumanne. Dholuo inahesabu siku za kazi, na kazi inaanza Jumatatu: Tich Ariyo ni Jumanne, Tich Adek Jumatano, Tich Ang'wen Alhamisi, Tich Abich Ijumaa. Ile chai nilikunywa na mlinzi.

Sala ya mistari mitatu

Wiki ya sita au ya saba, andika sala yako. Usinakili Baba Yetu, ingawa uijue: inaanza "Wuonwa manie polo", na hilo -wa mwishoni ni "yetu", kama utakavyolikuta kwenye minwa, mama yetu, na odwa, nyumba yetu. Sala ya kukariri ni ya kanisa lote. Unayoihitaji ni ile itakayokutoa aibu mezani.

Sababu ya kuanza na sala na si mazungumzo ni hii: anayeomba hakatizwi. Hakuna atakayekujibu haraka kwa neno usilolijua. Watu wamefumba macho, hawaoni ukitafuta neno. Na kunyamaza katikati ya sala huonekana kama ibada.

Yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

Nyasaye Wuonwa, erokamano kuom chiemoni. Gwedh chiemoni. E nying Yesu, Amin.

Mungu Baba yetu, asante kwa chakula hiki. Kibariki chakula hiki. Kwa jina la Yesu, Amina. Chiemo ni chakula, ukibandika -ni mwishoni kinakuwa "hiki". Mtindo huohuo unakupa tichni, kazi hii. Ukishaiweza, badilisha kipande kimoja kila wiki. Mahali pa chakula weka jambo lako: erokamano kuom tich, asante kwa kazi. Kwenye Gwedh weka Rit, linda: Rit odwa. Weka Konywa, tusaidie. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa na sala kumi na nne, zote fupi, zote zangu, kila moja imeandikwa tarehe na kilichotokea siku hiyo. Bila kukusudia nikawa nina shajara.

Andika zile za shida pia. Kuna ukurasa wangu mmoja wenye neno moja tu, Konya, nisaidie, kwa sababu siku hiyo sikuwa na sarufi ya kitu kingine.

Mtu wa kukukosoa

Mume au mke hafai. Wangu alikuwa akisema "iko sawa" ili arudi kwenye mpira. Kijana wa mjini naye atakupa Dholuo iliyochanganywa na Sheng. Tafuta mtu mzima, mwanamke au mwanamume, anayesoma Muma Maler bila miwani ya mtu mwingine, na umwendee kwa adabu: sukari, majani ya chai, salamu ndefu kwanza. Usimwambie "nifundishe". Mwambie umeandika sala na ungependa aisikie. Msomee, mpe penseli, nyamaza.

Mimi nilimpelekea mama mkwe mwenyewe. Nilimsomea sala ile ya mistari mitatu jikoni, siyo mezani. Akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanishika kidevu akanirekebisha irabu ya neno kuom, "nyathina, fungua mdomo", mara sita, saba, nane. Hakugusa sarufi. Sarufi ya mgeni wanaisamehe. Sauti ndiyo wanayoitengeneza.

Toka ndani ya Biblia

Hatua hii usiicheleweshe kama nilivyoichelewesha mimi. Biblia itakufundisha kuongea kama malaika mjumbe. Nilikwenda Kibuye siku ya Jumapili, soko limejaa mpaka barabarani, nikamsalimia mama muuza samaki "Kuwe obed kodu." Amani iwe nanyi. Akaweka kisu chini, akaitikia "Amin, pasta," na wenzake wote wa meza ile wakapasuka. Mpaka leo ananiita pasta, na nikimwuliza bei ya mbuta ananipunguzia, basi sikupoteza kitu.

Asubuhi sema oyawore, jioni oimore, "idhi nade?" kwa u hali gani. Bei ni "adi?" tu, ukinyoosha kidole. Asante ni ileile ya sala, erokamano.

Na maneno mengine yanabadilisha kazi yakitoka kanisani. Chuny, ambayo kwenye Zaburi ni nafsi na moyo, buchani ni maini. Ni neno moja. Wazee waliona hisia za mtu zinakaa huko. Usishangae muuza nyama akikuuliza unataka chuny kilo ngapi.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uache kwa maneno ya soko. Wangu ulijaa kabla ya kurasa za katikati, ikabidi ninunue kauntabuku ya pili: ya kwanza imebaki kwa mama mkwe, ambaye anaitumia kuandikia madeni ya maziwa kwenye nafasi nilizoziacha.